Mwenye Jenereta

Kazi yangu ni kukaa mbali.
Mita sitini, nyuma ya ukuta wa mawe ya volkano,
mimi, jenereta, na dumu la esansi,
ili ngurumo yetu isiingie kwenye mikrofoni.
Kwa hiyo miaka sita ya kazi ya Kavugho
naijua kwa midomo tu.

Alianza akiwa maiti.
Wageni walikuja na kamera tatu, wakataka wafu kumi na wawili.
Alipanga mstari pale Ndosho, ana miaka kumi na saba,
wakamchagua kwa sababu ya shingo.
Akalazwa juu ya lava mchana kutwa,
siafu akamtambaa kwenye kope, hakupepesa.
Dola kumi na tano, soda ya moto, na fulana iliyombana.
Filamu ilipofika kwenye banda la video la Birere
jenereta ilikuwa yangu, nami nilikaa mlangoni.
Mama yake akapiga yowe hadi watu wakasimama,
na binti yuko ubavuni pake, anamenya karanga.
Midomo ikasema: Mama, niko hapa.
Mama hakugeuka. Alikuwa akimtazama yule mwingine.

Kisha tamthilia ya televisheni, ya hapa hapa nyumbani.
Chirimwami alimpa nafasi ya wifi mwenye roho mbaya,
yule aliyeficha cheti cha ndoa ndani ya gunia la makala
kwa vipindi arobaini na viwili.
Akaiweza mno. Soko la Virunga likamgomea.
Muuza nyanya alifunika beseni kwa kikwembe:
"Kamrudishie mwenzako cheti, ndipo uje ununue."
Akateremka hadi Kituku, kitambaa usoni,
akanunua kwa bei ya juu,
akacheka njia nzima ya kurudi.
Tuzo nyingine sijamwona nayo.

Kisha maiti tena. Kisha mkimbizi wa tatu kutoka kushoto.
Kisha mkimbizi mwenye mtoto,
mtoto wa kuazima, akamkojolea,
na kamera ikaendelea, eti imependeza.
Kisha wakampa maneno manne.
Aliyarudia wiki nzima akichota maji ziwani.
Siku ya kazi yakabaki mawili,
na hayo mawili, ukiitazama filamu,
yamepitiwa juu na helikopta.

Mwaka jana walimpigia simu ya video, kutoka mbali.
Lia, wakamwambia.
Nalilia nini?
Lia tu, kama kwenu.
Hapo mtandao ukakatika, au aliukata mwenyewe.
Nimemuuliza mara mbili.

Siku moja tulipakia jenereta kwenye chukudu,
tunaisindikiza kutoka Mabanga, yeye ameshika nyuma,
akasema, bila mimi kuuliza kitu:
"Nataka kuigiza mtu anayengoja chai ipoe.
Asikimbie. Asife.
Alalamike, lakini kuhusu sukari."
Nikamwambia nani atalipa kuona hivyo.
Akaachia chukudu kidogo, makusudi, mzigo ukaniangukia mgongoni.

Juzi Chirimwami hakuwa na hela ya esansi.
Tuliingoja nuru ya saa nne ipite kwenye dirisha la shangazi yake, Himbi,
mashine imelala uani kama ng'ombe aliyeshiba,
nami, kwa kukosa pa kukaa,
nikasimama nyuma ya kamera, hatua tatu tu.
Kimya, wakasema. Nikaziba hata pumzi.
Kavugho aliketi. Kikombe mbele yake, mvuke unapanda.
Akautazama mvuke. Akautazama tena.
Akakwaruza doa la ugali kwenye kitambaa cha meza kwa ukucha.
Nje kuna mtu alikuwa akipiga nyundo bati; hakuna aliyemkataza.
Kisha akainua uso, akasema,
na ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akiwa kazini,
sauti nzito kuliko nilivyodhani, yenye usingizi ndani yake:

"Nani amemaliza sukari?"

Nikajikuta napapasa mifuko yangu.